Nilifanya, si tulifanya: mwongozo kamili wa kujitolea kumsaidia mhandisi mhitimu hadi asajiliwe, kwa walioko Moshi na Arusha

Kijana alinikuta kwenye mgahawa karibu na stendi ya Moshi, akaniamkia, akakaa, akatoa kwenye begi logibuku tatu, yaani daftari za kumbukumbu za kazi, zilizofungwa kwa mpira. Miaka mitatu ya kazi. Nikazifungua juu ya meza ya chai. "Leo tumemwaga zege la msingi." "Leo tumefunga nondo." "Leo tumekagua mtaro." Nikamuuliza: siku ile ya zege, wewe mwenyewe ulifanya nini? Akanyamaza kidogo. Kisha akanisimulia kwa dakika ishirini jinsi alivyolikataa gari la pili kwa sababu zege lilikuwa jepesi kama uji, jinsi dereva alivyomfokea mbele ya vibarua, na jinsi alivyompigia msimamizi wake simu tatu zisizopokelewa mpaka akaamua peke yake. Katika kisa chote hicho, kwenye logibuku hapakuwa na neno hata moja.

Kwetu mtu anayejitaja kila mara huonekana ana majivuno. Tumelelewa kusema "tumelima" hata kama jembe lilikuwa moja. Ni malezi mazuri, ila Bodi ya Usajili wa Wahandisi haisajili ukoo wala timu ya saiti. Inasajili mtu mmoja mmoja, na inataka kujua huyo mtu mmoja aliamua nini. Kwa uzoefu wangu wa kukaa na wahitimu, wachache sana hukwama kwa kutojua kazi. Wengi hukwama kwa sababu kazi waliyoifanya haionekani popote kwa jina lao.

Kazi ya anayejitolea ni kulitoa hilo jina lilipojificha. Yafuatayo ni maelezo ya namna ya kuifanya, kwa mhandisi aliyekwisha kusajiliwa ambaye yuko tayari kutoa Jumamosi zake chache.

Kabla ya kuanza: jua ngazi anayopanda

Bodi, ambayo wengi tunaiita ERB, inafanya kazi kwa Sheria ya Usajili wa Wahandisi Na. 15 ya mwaka 1997. Asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi za kihandisi wala kujitambulisha kuwa mhandisi. Anayetoka chuoni na shahada yake huanza kama mhandisi mhitimu. Kisha anahitaji miaka isiyopungua 3 ya kazi chini ya usimamizi, ndipo aombe kuwa mhandisi mtaalamu, na hapo ndipo penye ripoti na usaili. Juu yake yupo mhandisi mshauri. Mafundi sanifu nao wana daraja lao la usajili, kwa hiyo usimfukuze kijana wa stashahada akija kwako. Mwelekeze kwenye fomu yake.

Tangu mwaka 2003 Bodi inaendesha mpango wa mafunzo kwa vitendo unaojulikana kama SEAP (Structured Engineers Apprenticeship Programme), wa miaka 3: mhitimu anakuwa chini ya msimamizi, anajaza logibuku, anaandika ripoti za vipindi. Walio ndani ya mpango huo njia yao ina alama. Wanaoteseka ni walioajiriwa pembeni: kampuni ndogo ya ukandarasi pale Unga Limited au Majengo, yenye mhandisi mmoja anayeonekana saiti mara moja kwa wiki, tena akiwa na haraka. Hao ndio wanaokuhitaji zaidi.

Jambo moja la kusafisha mapema: wahitimu wengi huchanganya ERB na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Hii ya pili husajili makandarasi, yaani wanaofanya biashara ya ujenzi. Kijana aliyewahi kuona cheti cha kampuni ukutani kwa bosi wake anaweza kudhani naye amefunikwa na cheti hicho. Hajafunikwa.

Hatua ya 1: Jikague mwenyewe

Ada yako ya mwaka umelipa? Mafunzo yako endelevu yako sawa? Kama hapana, anza hapo. Haipendezi kumfundisha mtu kuhusu rejesta ambayo jina lako mwenyewe linaning'inia.

Jiulize pia mara ya mwisho umeshika hesabu lini. Wengi wetu wa umri wangu tumekuwa watu wa vikao na kusaini hati za malipo. Hilo si kosa, lakini kijana akikuletea mahesabu ya boriti na huyakumbuki, sema hukumbuki, mkae muyapitie pamoja. Nimejifunza upya mengi kwa njia hiyo, mengine kwa aibu.

Hata kama hujasajiliwa, unaweza kusaidia. Mwalimu wa Kiingereza anaweza kunyoosha lugha ya ripoti. Fundi sanifu mwenye miaka 25 ya zege anaweza kumwonyesha mhitimu kwa nini mbao za fomu zilifumuka, jambo ambalo wahandisi wenye vyeti vyao hawaliandiki popote.

Hatua ya 2: Chagua nafasi moja, ukae hapo

Nafasi ziko nne na watu huzichanganya. Yupo msimamizi, anayemwona mhitimu kazini na kusaini logibuku yake. Yupo mlezi, ambaye yuko nje ya ofisi ya kijana na kazi yake ni kuuliza na kuelekeza. Yupo msomaji wa ripoti, anayeweza kuwa mbali kabisa. Na yupo msaili wa mazoezi, ambaye ni vizuri asimjue kijana sana.

Ukiwa mlezi, usisaini logibuku. Hata kama kijana analia. Hata kama msimamizi wake amehamia Dodoma na hapokei simu. Sahihi yako inasema "niliona", nawe hukuona. Kinachofanyika ni kumsaidia kuandika barua kwa mwajiri ateuliwe msimamizi mwingine, na kumtafuta yule aliyehama ashuhudie kipindi chake tu. Nimeona kazi hiyo ikichukua miezi minne. Ichukue.

Na kama wewe huitwa na Bodi kusaili, basi usilee watu wa fani yako watakaokuja mbele yako. Ukijikuta umemlea mmoja wao, sema mapema utoke kwenye kikao hicho.

Hatua ya 3: Wafuate walipo

Mikoa hii miwili ina wahitimu wengi kuliko watu wanavyodhani. Chuo cha Ufundi Arusha kinatoa mafundi sanifu na wahitimu wa shahada, wakiwemo wa ujenzi na umwagiliaji. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko Tengeru. TEMDO, shirika la serikali la kubuni mitambo, iko Arusha na vijana wa mitambo. Upande wa Moshi kuna kiwanda cha sukari cha TPC, kuna mamlaka ya maji, na kote kuna TANROADS na TARURA za barabara, RUWASA ya maji vijijini na TANESCO ya umeme. Ongeza makandarasi wa barabara, viwanda vya Themi na Njiro, na sasa ujenzi wa uwanja wa mpira Arusha kwa ajili ya AFCON ya 2027.

Usianze kwa kutangaza. Ukitangaza utapata watu arobaini na utawaangusha thelathini na nane. Anza na wawili. Mwambie mkuu mmoja wa idara unayemfahamu: "Nipe mmoja aliyekata tamaa." Yule hodari atafika hata bila wewe.

Tafuta pia wanawake kwa makusudi. Serikali ya Norway iliwahi kufadhili wahandisi wanawake ndani ya SEAP kwa sababu pengo lilikuwa kubwa, na ukizunguka saiti za huku utaona bado lipo. Binti huachwa ofisini aandike barua na kutunza mafaili huku mwenzake wa kiume akipelekwa kwenye daraja. Baada ya miaka mitatu wote wana miaka mitatu kwenye karatasi, lakini ana kwa ana na wasaili si sawa hata kidogo.

Hatua ya 4: Kikao cha kwanza, na karatasi zake

Kutaneni mahali pa wazi: mgahawa, ukumbi wa chuo, chumba cha mikutano chenye vioo. Si nyumbani kwako, si hotelini chumbani, na si ndani ya gari lako, awe wa kike au wa kiume. Hili halihitaji maelezo marefu.

Kikao hiki ni cha karatasi tu. Mwambie aje na nakala za vyeti vyote, kuanzia kidato cha nne. Kagua majina herufi kwa herufi. Hapa ndipo wengi hujikuta kwenye matatizo ya kijinga: cheti cha sekondari kina jina la babu, cha chuo kina jina la ukoo, kitambulisho cha NIDA kina yote matatu kwa mpangilio wake. Zinahitajika hati za kiapo cha majina, na kuzipata si kazi ya siku moja. Aliyesoma nje ya nchi, iwe India au China, ahakikishe shahada yake imetambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu kwanza.

Kisha fungueni pamoja tovuti ya Bodi msome fomu ya sasa na ada ya sasa. Usimpe fomu uliyoitunza tangu enzi zako, wala usimtajie ada kwa kumbukumbu. Malipo ni kwa kontroli namba, na stakabadhi ihifadhiwe.

Mwisho wa kikao andikeni karatasi moja ya makubaliano: mtakutana mara ngapi, lini mnaachana, nani anafanya nini. Mimi huweka kikao cha saa mbili, Jumamosi moja kila mwezi, kwa miezi tisa. Katikati ya hapo, maswali kwa WhatsApp, nami hujibu jioni. Andikeni pia kwamba hakuna fedha. Wala "ya soda", wala mbuzi wa Krismasi akishasajiliwa. Chai kila mtu alipe yake, ila mkubwa akimlipia mdogo si kesi. Ukipokea kitu kutoka kwake, siku utakapomwambia ripoti yake mbovu utaimung'unya.

Hatua ya 5: Ifungue logibuku, ugeuze kiambishi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Vikao vitatu au vinne kati ya tisa viwe vya logibuku.

Chukua kurasa kumi bila kuchagua. Kwa kila ukurasa mpigie mstari kila kitenzi. Utakuta aina mbili: "tuli-" na zile zisizo na mtu kabisa, "zege lilimwagwa", "mtaro ulichimbwa", kana kwamba mtaro ulijichimba. Ni vilevile wakiandika kwa Kiingereza, maana hayo mazoea yametoka nyumbani. Kisha uliza maswali haya, polepole, kwa Kiswahili, umwache aseme: Ulikuwa umesimama wapi? Nani alikuuliza kitu? Ulipima nini? Ulipata namba gani? Ungefanya nini kama namba ingekuwa mbaya? Nani alikukatalia?

Tuchukue ile siku ya zege. Baada ya maswali, kumbukumbu aliyoiandika pembeni ilikuja kuwa hivi (slampu ni kipimo cha ulaini wa zege bichi, kyubu ni vipande vya zege vya kupima nguvu): "Nilipima slampu ya gari la kwanza, ikawa milimita 80. Gari la pili ikawa 170, wakati maelekezo ya kazi yalitaka 75 hadi 100. Nililikataa gari la pili. Dereva alisema aliongeza maji barabarani kwa sababu ya foleni na jua. Nilichukua kyubu sita za milimita 150 kutoka gari la kwanza, tatu za kuvunjwa siku ya 7 na tatu siku ya 28. Nilimwandikia msimamizi jioni." Ni siku ileile. Hakuna kilichoongezwa. Na kila sentensi inamfungulia msaili swali ambalo kijana analiweza: kwa nini maji yakizidi zege hupungua nguvu, kwa nini siku 28.

Angalizo ni kwamba kurasa za zamani hazifutwi wala kuandikwa upya. Zikishasainiwa zimekwisha. Anachofanya ni kuandika kumbukumbu pembeni kwa ajili ya ripoti, na kuanzia kesho yake kujaza logibuku kwa namna mpya. Na "nilifanya" isigeuke uongo. Kama aliyekataa gari alikuwa msimamizi, basi sentensi ya kweli ni "nilipima, nikampa msimamizi namba, akaamua kulikataa." Hiyo nayo ina thamani yake. Nimewahi kumkuta mhitimu aliyejipa daraja zima. Nilimuuliza maji ya mafuriko aliyakadiria kwa kipindi cha miaka mingapi, akaangalia dirishani.

Mfano wa pili ni wa maji, kwa sababu huku kwetu ndio wenye utamu. Kila mtu aliyekulia chini ya Mlima Meru anajua meno ya kahawia yanatoka wapi: floridi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huko vinapita hapo. Binti mmoja aliandika: "Tulichanganya maji ya kisima na ya chemchemi ili kupunguza floridi." Basi. Nikamwambia chukua kalamu. Tuseme kisima kina miligramu 4 kwa lita na chemchemi 0.5. Unachanganya kwa uwiano gani? Akapiga hesabu: lita 2 za kisima kwa lita 5 za chemchemi ni jumla ya miligramu 10.5 kwenye lita 7, sawasawa na 1.5 kwa lita. Vizuri. Sasa utaweka uwiano huo kwenye mtambo? Akafikiri. Akasema hapana, kiangazi chemchemi hupungua, ningeanza na 1 kwa 3 nipate 1.375, na ningeweka mita kila upande. Nikamuuliza kama hilo la mita alilipendekeza kazini kweli. Ndiyo, alilipendekeza, kwenye kikao, na likapita. Lilikuwa wapi kwenye logibuku? Halikuwepo.

Kwa wa barabara, uliza juu ya udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba ukilowa: aliutambuaje, sampuli ya CBR (kipimo cha uimara wa udongo) ililowekwa siku ngapi, na kwa nini siku 4. Kwa wa umeme, uliza transfoma ile ya kilovolti 33 kwa 11 aliipimaje mzigo wake na nani alimpa ruhusa ya kuifungia. Kwa wa umwagiliaji, mpeleke mbali kidogo: akuelezee tofauti ya kugawa maji kwenye mfongo wa Wachaga, yaani mfereji wa asili wa mlimani, na kwenye mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi. Akiweza kueleza kwa nini mmoja unategemea zamu ya ukoo na mwingine mlango wa chuma, huyo anaelewa uhandisi ni nini.

Hatua ya 6: Tafuta mapengo mapema

Logibuku ikishasomeka, pengo litaonekana lenyewe. Chora jedwali kwenye karatasi kubwa: usanifu na mahesabu, kazi ya saiti au uendeshaji, gharama na mikataba, usalama na mazingira, kusimamia watu, maadili. Weka tarehe na kisa kimoja kimoja chini ya kila kichwa.

Waingereza wana utaratibu wa kutumia wahandisi wa kujitolea kuwashauri waombaji, na kigezo chao, UK-SPEC, kimegawa uwezo katika mafungu matano: maarifa, kubuni na kutatua matatizo, wajibu na uongozi, mawasiliano, na kujifunga kitaaluma. Usiyachukue kama masharti yetu. Yachukue kama kioo cha pili. Mimi yamenisaidia kugundua kwamba wahitimu wengi wa huku wana visa kumi vya saiti na hawana hata kimoja cha mawasiliano, ingawa walishinda wiki nzima wakizozana na wananchi kuhusu bomba linalopita shambani kwa mtu. Huo mzozo ndio mawasiliano.

Pengo la kweli huzibwa kazini. Msaidie aandike barua fupi, ya heshima, akiomba kukaa wiki tatu kwenye kitengo cha usanifu, au kuhudhuria vikao vya saiti. Waajiri wengi hukubali ikiwa barua inataja faida yao. Wasipokubali, mwombe mhandisi mwenzako upande wa pili wa barabara ya Moshi na Arusha ampokee siku za likizo yake. Ni mwendo wa kilomita kama 80, kosta zipo toka alfajiri. Ila kazi ya siku hizo iitwe kwa jina lake, ziara ya kujifunza, isiandikwe kana kwamba alikuwa ameajiriwa pale.

Hatua ya 7: Ripoti iandikwe na mwenyewe

Kishawishi kikubwa cha mlezi ni kuandika. Unaona sentensi imepinda, unainyoosha, unainyoosha na inayofuata, mwishowe ripoti ni yako na kijana ameibeba kama mzigo wa mgeni. Siku ya usaili atashindwa kuitetea.

Njia ninayotumia: aweke simu irekodi, anisimulie mradi kwa Kiswahili kana kwamba namsikiliza kwenye gari la kwenda Boma Ng'ombe. Dakika kumi na tano. Nyumbani ajisikilize, aandike alichosema, ndipo akipeleke kwenye Kiingereza. Kiingereza chake kitakuwa cha kawaida tu, na hicho ndicho kinachotakiwa. Ripoti zinazoanza na aya mbili za historia ya miundombinu duniani huwa zimenakiliwa mahali.

Unaposoma, tumia maswali badala ya masahihisho. Andika pembeni "nani?", "kiasi gani?", "kwa nini si njia nyingine?" Mahesabu ayafanye kwa mkono walau mara moja hata kama programu ya kompyuta imempa jibu. Aweze kusema kama jibu linaingia akilini. Michoro ni mali ya mwajiri au mteja, aombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kuiambatisha. Na wale watakaomshuhudia kwenye maombi wawe wahandisi wanaomjua kazini, waombwe mapema na wapewe ripoti wasome. Kumshtukiza mtu na fomu ya kusaini kwenye msiba, nimeona, si ustaarabu.

Hatua ya 8: Usaili wa mazoezi

Fanya mara mbili, wiki tatu zikiwa katikati. Watu watatu upande wa pili wa meza, mmoja wa fani nyingine kabisa, maana huyo ndiye atakayeuliza swali la msingi ambalo ninyi mnaliona dogo. Saa moja kasoro. Simu zimezimwa. Kijana avae kama siku yenyewe.

Dakika tano za kwanza aeleze mradi wake bila karatasi. Hesabu "tuli-" zake kwa vijiti kwenye daftari. Nilimpata mmoja na vijiti 31 mara ya kwanza, mara ya pili 6.

Tatizo kubwa hapa ni heshima. Mtoto wetu amefundishwa mkubwa akisema jambo, unaitikia. Kwa hiyo msaili akimjaribu kwa kusema kitu kisicho sahihi, "lakini nondo hizo si zingetosha nusu yake?", yeye hujibu "ndiyo mzee." Mfundishe kukataa kwa adabu: "Samahani mhandisi, kwa mahesabu yangu zisingetosha, na sababu ni hii." Mrudieni jambo hilo hata mara kumi. Mfundishe pia kusema "sijui", na kuongeza "ila ningeanza kuangalia hapa." Ukimya wa nusu dakika humuumiza kuliko kosa.

Weka swali moja la maadili lisilo na jibu jepesi. Langu ni hili: bosi wako anakwambia usaini cheti cha malipo cha tabaka la kokoto ambalo halijashindiliwa, kwa kuwa mwaka wa fedha unaisha Juni 30 na hela zitarudi hazina. Ukikataa, mradi wa kijiji utakwama. Unafanya nini kesho asubuhi? Usitafute jibu la kanisani. Tafuta hatua: angemwandikia nani, angepima nini, angependekeza malipo ya sehemu ipi iliyokamilika. Wapo waliojibu haraka "nakataa", na nilipouliza "halafu?", hawakuwa na halafu.

Baada ya mazoezi, mpe mambo matatu tu ya kurekebisha. Ukimpa kumi na mawili atalala na yote na kuamka hana hata moja.

Hatua ya 9: Siku ya majibu, na baada yake

Akikwama, mpigie wewe, usimsubiri. Mwache siku tatu. Kisha msome pamoja alichoambiwa na Bodi, sentensi kwa sentensi, muweke kila moja kwenye lile jedwali la hatua ya 6. Kwa kawaida utakuta ni pengo mliloliona mkalipita kwa matumaini.

Akipita, kuna mambo ya haraka. Ada ya mwaka aiweke kwenye bajeti yake ya Januari. Mafunzo endelevu aanze kuyahesabu mwaka uleule. Kuna kiapo cha wahandisi, ambacho huapwa hadharani kwenye Siku ya Wahandisi, maadhimisho ya kila mwaka. Ahudhurie, na wazazi wakiweza kusafiri waende. Kuhusu mhuri, mwambie asiuazime kwa mtu yeyote, hata kwa shemeji, hata kwa nyumba ndogo ya vyumba viwili.

Na zile nakala za ripoti, pamoja na logibuku zilizofungwa kwa mpira, asizitupe akihama nyumba. Mwaka 2012 bodi za wahandisi za Kenya, Tanzania na Uganda zilisaini makubaliano ya kutambuana, na Rwanda ikajiunga baadaye. Kwa mtu anayeishi saa mbili kutoka mpaka wa Kenya pale Namanga, au saa moja kutoka ule wa Holili, siku ya kuulizwa na bodi ya upande wa pili "wewe mwenyewe ulifanya nini?" inaweza kufika mapema kuliko anavyodhani, na majibu yote yatakuwa ndani ya lile begi.